Alikuja Kuomba Sindano ya Testosteroni: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Wahusika wameridhia kisa hiki kiandikwe. Majina, mahali na baadhi ya maelezo ya kazi na familia yameondolewa au kubadilishwa. Namba za vipimo hazikuguswa, maana ndizo zenye somo.

Mgonjwa na malalamiko yake

Bwana J., miaka 43, ameoa na ana watoto wawili. Yeye na mkewe walikuwa bado wanamtaka wa tatu, na jambo hilo, lililoonekana dogo kwenye faili, lilikuja kuamua mengi. Kazi yake ni usimamizi wa zamu kwenye ghala la mizigo: wiki moja mchana, wiki inayofuata usiku.

Aliingia na vitu viwili mkononi, karatasi ya maabara na chupa ya vidonge. Akaviweka mezani kabla hajakaa. "Daktari, hamu imekata kabisa. Homoni zimeisha, karatasi hii hapa. Mimi naomba sindano tu."

Hamu ya tendo la ndoa ilikuwa imeshuka polepole kwa karibu mwaka mmoja na nusu. Uume ulikuwa bado unasimama, ila kwa ulegevu na kwa muda mfupi. Kule kusimama kwa alfajiri, ambako mwanaume hukuzoea tangu ujana hata asikuhesabu, kulikuwa kumepotea. Aliongeza uchovu usioisha, hasira za haraka, na kusinzia kila anapokaa.

Karatasi ilionyesha testosteroni (homoni kuu ya kiume) ya jumla nanomoli 7.8 kwa lita. Kwa miongozo inayotumika leo namba hiyo iko chini, na pale alipopimwa walikuwa tayari kumwanzishia sindano wiki hiyo hiyo. Tulimuuliza damu ilitolewa saa ngapi. Saa kumi alasiri. Siku hiyo alikuwa ametoka zamu ya usiku, amelala kwa muda wa kama saa tatu, ameamka, amekula chakula cha mchana cha kushiba, kisha akaenda maabara.

Hapo karatasi ilipoteza nusu ya uzito wake. Testosteroni hupanda usiku mtu akiwa amelala na kufika kilele asubuhi, halafu hushuka kadiri siku inavyoendelea. Chakula, hasa chenye sukari nyingi, huishusha zaidi kwa muda. Ndiyo maana kipimo halali huchukuliwa asubuhi, kati ya saa moja na saa nne, kabla ya kula, na hurudiwa siku nyingine kabla mtu hajaambiwa kwamba ana upungufu. Kwa anayefanya kazi usiku, "asubuhi" yenyewe inabidi iwe baada ya siku kadhaa za kulala usiku kama watu wengine.

Chupa nayo ilikuwa na habari yake. Lebo ilidai ni mizizi na majani matupu. Lakini Bwana J. alieleza kwamba akimeza kidonge, baada ya muda uso unawaka moto, pua inaziba, kichwa kinagonga, "kisha nguvu zinakuja". Mizizi haimfanyii mtu hivyo. Hizo ni dalili za sildenafili au tadalafili, dawa za kufungua mishipa ya damu, na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imeshazikuta mara nyingi zikiwa zimefichwa ndani ya bidhaa za nguvu za kiume zinazoitwa asilia. Baadhi ya siku alikuwa anameza viwili. Kama angekuwa anatumia dawa za moyo za aina ya naitreti, shinikizo la damu lingeweza kuporomoka vibaya.

Tulichokikuta

Uzito kilo 104 kwa urefu wa mita 1.74, kiuno sentimita 114, shingo sentimita 44, shinikizo la damu 148 kwa 94. Korodani zilikuwa za ukubwa wa kawaida, jambo linalotia moyo. Hakuwa anatumia dawa za sonona wala tramadoli, dawa kali ya maumivu. Hizi mbili huulizwa kila mara, kwa kuwa za sonona huweza kuua hamu, na tramadoli pamoja na jamii yake hushusha testosteroni hata kwa kijana mwenye afya.

Mlo wake aliusimulia bila kuficha. Asubuhi hali kitu. Zamu ya usiku inapita kwa soda tatu na kinywaji cha kuongeza nguvu kimoja mnamo saa nane usiku, pamoja na vya kukaanga. Akirudi nyumbani anakunywa bia mbili au tatu "za kulalia", na siku za mapumziko hahesabu.

"Unalala vizuri?"

"Nalala sana daktari, hata kwenye kiti."

Jibu hilo, shingo nene na shinikizo la damu vilitosha kuagiza kipimo cha usingizi kabla ya kingine chochote. Kifaa alichovaa usiku nyumbani kilionyesha pumzi yake inakatika au kupungua mara 28 kwa saa. Kuanzia mara 15 hadi 30 huitwa kiwango cha kati. Yeye alikuwa karibu na mpaka wa kiwango kikali.

Vipimo vya damu vilirudiwa asubuhi, bila kula, katika wiki ya zamu ya mchana. Testosteroni ya jumla ilikuwa 9.6, na iliporudiwa 9.9. Yaani kubadilisha saa na usingizi tu kulipandisha namba karibu nanomoli mbili, bila dawa yoyote. Protini inayobeba homoni za jinsia kwenye damu ilikuwa 17, ambayo ni chini. Tulipokokotoa testosteroni huru, ile ambayo haijashikwa na protini hiyo wala albumini (protini nyingine ya damu), ilikuja pikomoli 260 kwa lita. Homoni ya pituitari (tezi ndogo chini ya ubongo) inayoziamuru korodani ilikuwa ya kawaida, vivyo hivyo prolaktini, homoni nyingine ya tezi hiyo, na tezi ya shingo. Sukari ya miezi mitatu ilikuwa asilimia 6.3. Kisukari huanzia 6.5.

Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti mkubwa wa wanaume wa Ulaya wenye miaka 40 hadi 79. Katika dalili nyingi walizoulizwa, zilizofuatana kweli na testosteroni ya chini zilikuwa tatu, zote za kitandani: hamu kupungua, uume kutosimama alfajiri, na kushindwa kusimama vizuri wakati wa tendo. Watafiti hao walipendekeza kwamba upungufu wa umri mkubwa utambuliwe pale zote tatu zinapokuwepo, testosteroni ya jumla ikiwa chini ya 11 na iliyo huru chini ya 220. Bwana J. alikuwa na dalili zote tatu na namba ya jumla iliyo chini. Iliyo huru ilikuwa juu ya mstari.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutompa sindano, na haukumfurahisha. Sababu ilikuwa mtoto wa tatu. Ubongo ukikuta testosteroni tele damuni, hauchunguzi imetoka wapi. Pituitari inaacha kutoa amri, na korodani zikikosa amri huacha kutengeneza homoni yao na mbegu pia. Mwanaume anaweza kuchomwa testosteroni akajisikia dume la nguvu huku mbegu zikishuka hadi sifuri, na zikarudi baada ya miezi mingi tangu aache, au zisirudi zote. Wanaume wengi huanza sindano bila kuambiwa hivyo. Isitoshe, miongozo inaonya dhidi ya kuanza testosteroni kwa mtu mwenye tatizo kali la pumzi usingizini lisilotibiwa. Na kubwa zaidi, namba yake ilikuwa na maelezo mengine.

Tulimchorea maelezo hayo kwenye karatasi. Mafuta ya tumboni yana kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni, homoni ya kike. Insulini inapokuwa juu, kama kwa mtu anayeelekea kisukari, ini hupunguza ile protini ya kubeba homoni, na namba ya jumla huonekana mbaya kuliko hali halisi. Usingizi unaokatwakatwa humnyima mtu saa zile ambazo homoni hupanda. Pombe nyingi kwa miaka huziumiza chembe za korodani zenyewe, na usiku huo huo hulegeza koo na kuzidisha kukatika kwa pumzi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotibiwa na sindano.

Tukapanga usingizi uwe wa kwanza. Si kila daktari angepanga hivyo. Wengi huanza na uzito. Lakini mtu anayesinzia kwenye kiti saa tisa mchana hana nguvu ya kupika wala kufanya mazoezi, na mwili usiolala hudai sukari. Alipewa mashine ya kusukuma hewa puani wakati wa kulala.

Vidonge vya chupa vilisimamishwa. Badala yake, baada ya moyo kupimwa na kuonekana salama, aliandikiwa tadalafili halali kwa dozi ndogo, kwa muda, akielezwa kwamba dawa hiyo husaidia damu kufika na haileti hamu. Shinikizo la damu lilitibiwa kwa losartani; baadhi ya dawa nyingine za kazi hiyo, hasa za kukojosha na za zamani za kupunguza mapigo ya moyo, zimehusishwa na uume kutosimama, na hapa palikuwa na nafasi ya kuchagua. Moyo haukupimwa kwa ajili ya dawa peke yake. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo na huziba mapema, hivyo mwanaume wa makamo anayeanza kulegea anaweza kuwa anapata onyo la moyo miaka kadhaa kabla.

Kwenye chakula tulitaka machache: soda na vinywaji vya nguvu viondoke, kila mlo uwe na protini na mboga, aanze kula asubuhi. Mazoezi ya kunyanyua uzito mara mbili kwa wiki na kutembea siku nyingine. Bia za kulalia ziachwe kabisa. Orodha ilibanwa kwa makusudi.

Miezi tisa

Wiki za mwanzo zilikuwa za kupambana na mashine. Barakoa ilimwachia alama puani, hewa ilivuja, mara mbili aliitupa chini ya kitanda. Alipobadilishiwa barakoa alianza kulala nayo saa sita mfululizo. Mwezi wa pili akarudi na habari ambayo hatukuitarajia mapema hivyo: alfajiri uume unasimama, si kila siku, lakini unasimama. Mizani ilikuwa imepungua kilo tatu tu.

Hamu, hata hivyo, ilikuwa bado hairudi, na hapo ndipo alipochukua njia yake. Aliona kwenye simu watu wanaokula mlo mmoja kwa siku na kunyanyua vyuma siku sita. Akafanya hivyo kwa mwezi mzima. Uzito ukashuka kwa kasi, akafurahi, kisha akaanza kuhisi baridi, hasira zikarudi, na hata yale ya alfajiri yakapotea tena. Akaenda mwenyewe kupima, asubuhi safari hii: 8.1.

Alidhani amepata ushahidi kwamba bila sindano hapati kitu. Kumbe mwili unapokosa chakula cha kutosha huku ukitumikishwa, sehemu ya ubongo inayoanzisha mlolongo mzima wa homoni za uzazi hupunguza amri zake. Wanariadha wanaokula kidogo kuliko wanachotumia hupatwa na hali hiyo hiyo. Uzito uliopotea kwa njaa kali unaweza kushusha testosteroni kwa muda, ingawa uzito ule ule ukipungua taratibu huipandisha. Alirudi kwenye milo mitatu na mazoezi ya siku tatu.

Mwezi wa nne alikuja na mkewe. Tulimwomba aeleze mumewe alivyokuwa akilala kabla ya mashine. Akaiga: mkoromo, mkoromo, kisha kimya. Akanyosha kidole, akahesabu taratibu, moja, mbili, tatu, mpaka kumi na nane, halafu akavuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyeibuka majini. Bwana J. alikuwa anaangalia sakafu.

Mke alikuwa amehamia chumba cha watoto miaka miwili nyuma, kwa sababu ya mkoromo. Mume alilichukua lile kama kukataliwa. Naye mume alipoacha kumgusa, mke akaamua ndani yake kwamba yupo mwingine. "Daktari, mimi nilishajua ana mtu, nilikuwa nasubiri tu nimjue nani." Walikuwa wameishi na dhana hizo mbili bila kuulizana. Walipelekwa kwa mshauri wa ndoa, wakaenda vikao vichache. Mashine ilikuwa imenyamazisha mkoromo. Mke akarudi chumbani.

Mwezi wa tisa uzito ulikuwa kilo 93, kiuno sentimita 101, shinikizo la damu 128 kwa 82, sukari ya miezi mitatu asilimia 5.7. Testosteroni ya jumla 13.1, iliyo huru takriban 320. Tadalafili alikuwa ameiacha mwenyewe tangu mwezi wa sita. Alipoulizwa hamu ikoje alisema, "Si ya miaka ishirini, lakini ipo, na naitafuta mwenyewe."

Nini kilifanya kazi

Ukizipanga namba na hisia zake sambamba, hazilingani. Alfajiri zilirudi wakati uzito haujashuka sana. Hamu ilirudi baada ya mazungumzo ya mwezi wa nne, kabla namba haijafika ilipofika. Testosteroni ni sharti la hamu kwa maana kwamba ikiwa chini mno hamu hufa. Ikishafika kiwango cha kutosha, kuiongeza hakuongezi hamu kwa kipimo hicho hicho. Mwanaume mwenye 13 na mwingine mwenye 25 huwezi kuwatofautisha kwa kuwauliza mambo ya kitandani.

Usingizi ndio ulioleta mabadiliko ya mapema. Kuna utafiti mdogo wa mwaka 2011 ambao vijana kumi wenye afya walilazwa saa tano tu kwa usiku kwa wiki moja, na testosteroni yao ya mchana ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Tahadhari ni kwamba tafiti zilizojumlishwa hazionyeshi mashine ya hewa ikipandisha testosteroni kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo siwezi kudai kwamba mashine ndiyo iliyopandisha namba ya Bwana J. Ilimpa nguvu ya kuamka, hali ya moyo iliyotulia, na chumba chenye watu wawili.

Namba yenyewe, kwa maoni yangu, ilipandishwa na kiuno. Kupoteza takriban asilimia kumi ya uzito kwa chakula na mazoezi hupandisha testosteroni kwa nanomoli mbili hadi tatu hivi kwa wastani, na yeye alipata kidogo zaidi. Hata nguvu za kusimama zina ushahidi wake: mwaka 2004 wanaume wanene 110 wenye tatizo la kusimama walifuatiliwa kwa miaka miwili, na karibu theluthi moja ya waliosaidiwa kubadili mlo na mazoezi walirudi katika hali ya kawaida. Theluthi moja si wote, na mgonjwa anastahili kuambiwa hivyo siku ya kwanza.

Hakuna chakula kimoja kilichomponya. Aliuliza kuhusu zinki, kuhusu mbegu fulani, kuhusu soya kwamba inamfanya mwanaume awe mwanamke. Zinki humsaidia aliyepungukiwa zinki. Soya kwa kiasi cha kawaida haishushi testosteroni. Kuhusu vidonge vya kuongeza homoni nilimtajia Brown-Séquard, mwanafiziolojia mashuhuri aliyewatangazia wenzake mjini Paris mwaka 1889, akiwa na miaka 72, kwamba amejichoma maji ya korodani za mbwa na simbilisi (wanyama wadogo wa maabara), na nguvu za ujana zimemrudia. Baadaye ilionekana kwamba maji yale hayangeweza kuwa na homoni ya kutosha kufanya lolote. Mtu msomi kabisa alihisi alichotamani kuhisi. Bwana J. alicheka, lakini chupa aliiacha mezani.

Nini kilishindikana

Mke aliingizwa kwa kuchelewa. Habari za mkoromo na za vyumba viwili zingeweza kupatikana siku ya kwanza kwa swali moja, na pengine ule mwezi wa njaa usingetokea, kwa kuwa aliukimbilia baada ya kuona mwili umeamka na hamu haijaamka. Pia hakuonywa mapema kuhusu kupungua uzito kwa pupa. Mwanaume anayetafuta nguvu za kiume atapewa mpango mkali na simu yake kabla ya wiki kuisha. Onyo linapaswa kutangulia.

Pombe ilipungua, haikuisha. Bia za kulalia aliacha, siku za mapumziko bado anazidisha. Zamu za usiku nazo zimebaki. Mwajiri alikubali kuzipunguza, si kumwondolea. Haya mawili yakirudi kama zamani, namba itayafuata.

Swali ambalo wanafunzi huuliza kuhusu kisa hiki ni lini sindano ingekuwa sahihi. Kama vipimo viwili vya asubuhi vingekuwa chini ya 8 na testosteroni huru nayo chini, dalili zikiwepo na chanzo kingine kimetafutwa, mazungumzo yangekuwa tofauti. Kama homoni ya pituitari ingekuwa juu, maana yake korodani zenyewe zinashindwa, na kupunguza kitambi kusingetosha. Kama ingekuwa chini pamoja na prolaktini iliyopanda, angehitaji picha ya ubongo kabla ya chochote. Na kwa kuwa anataka mtoto, hata hapo zipo dawa za kuiamsha pituitari au kuzichochea korodani bila kuzima mbegu, ambazo huandikwa na mtaalamu wa homoni. Bwana J. atapimwa tena baada ya miezi sita, asubuhi, bila kula, katika wiki ya zamu ya mchana.